Jicho Lililofunikwa

Saa nane mchana, Jumatano ya baridi kali mwaka 1971, mashine ya kuchapia kwenye maabara ya ghorofa ya tisa ilimaliza kutoa jibu: PIRAMIDI YA KIJANI IKO KUSHOTO KWA TOFALI JEKUNDU. Wageni kutoka Washington walipiga makofi. Bwana Vernon Stoltz, aliyekuja kuamua kama serikali iendelee kuifadhili maabara hiyo ya Massachusetts, hakupiga. Aliinuka, akaizunguka meza yenye matofali ya mbao ya rangi rangi, akaigusa kamera ambayo watu wa pale waliiita Jicho.

"Kifuniko kiko kwenye lenzi," alisema. "Sasa hii mashine imeonaje?"

Makofi yakafa. Stoltz akawatoa nje wageni wenzake, akaagiza mtu yeyote asiguse kitu.

Roberta Haglund aliingia nusu saa baadaye, theluji bado mabegani. Miaka minne alikuwa akiifundisha kompyuta kutambua vitu kupitia Jicho. Asubuhi hiyo Profesa Hollis Crandall, mkuu wa maabara, alikuwa amemtuma uwanja wa ndege kumpokea mgeni, na mgeni hakutokea. Alichokikuta mezani ni barua ya kujiuzulu iliyokwisha chapwa, ikisubiri sahihi yake.

"Jibu limepachikwa ndani ya programu yako," Crandall alisema kwa upole. "Tia sahihi, Roberta. Tuyamalize kimyakimya."

"Sitii."

"Programu ni ya nani?"

"Yangu. Na humu hakuna kufuli wala neno la siri, mnajivunia hilo kila siku. Yeyote anayejua kuchapa angeweza kuingia."

Stoltz alivuta kiti. "Haya. Kifuniko alikiweka nani?"

"Mimi," alisema Duane Pruitt, fundi mwenye ndevu aliyelichapa swali mbele ya wageni. "Nakiweka kila jioni, kwa ajili ya vumbi. Leo nimesahau kukitoa."

"Wewe ndiye unayeyachukia maonyesho haya," Crandall alidakia. "Wiki jana uliyaita sarakasi."

"Ni sarakasi, mkubwa. Lakini mtu anayetaka kudanganya si ndiye angekuwa wa kwanza kukitoa?"

"Au ulikiacha makusudi, mwenzako aumbuke," Stoltz alisema. Duane akawa mwekundu hadi masikioni.

Roberta alikuwa ameinamia karatasi ya mashine. Aliisoma, akayatazama matofali, akaisoma tena.

"Haya matofali yamesogezwa?"

"Hapana," alisema Stoltz. "Na jibu ni sahihi. Nilipokaa pale kwenye viti vya wageni, piramidi ilikuwa kushoto."

Roberta alichukua vikombe viwili vya kahawa, cheupe na cha bluu, akaviweka mezani. Akawapanga wanaume wote watatu upande wa wageni.

"Profesa, cha bluu kiko wapi?"

"Kushoto. Huu ni mchezo gani?"

"Duane?"

"Kulia."

Stoltz alikunja uso. "Huyu hajui kushoto kwake?"

"Anajua sana. Ila kwenye meza hii hatuna kushoto kwetu. Jicho liko ng'ambo, linatutazama, na sisi tunahesabu kwa upande wake. Hata sukari tunapeana hivyo, watu wanatucheka. Jicho lingeiona piramidi kulia. Jibu lililopigiwa makofi liliandikwa na mtu anayekuja mezani hapa akiwa na wageni tu, na anakaa nao." Alimgeukia Crandall. "Na ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege kumsubiri mgeni hewa."

Crandall alivua miwani.

"Jumatatu Jicho lilihesabu kivuli kama tofali," alisema. "Mara tatu. Wageni wangerudi Washington kusimulia habari za mashine kipofu, na watu ishirini wangekosa kazi. Nilikuwa nawalinda. Hata wewe."

"Mimi umenichapia barua."

Hakungoja ajibu. Alikitoa kifuniko na kulichapa swali lile lile mwenyewe. Walisubiri mpaka kahawa ikapoa. Mashine ikagonga: PIRAMIDI YA KIJANI IKO KULIA KWA TOFALI JEKUNDU. NYUMA KUNA TOFALI JEUSI.

"Tofali jeusi silioni," alisema Stoltz.

"Halipo. Ni kivuli. Hapo limekosea, na hapo ndipo tunapofanyia kazi. Ripoti yako iandike hivyo hivyo, usitupambie."

Stoltz aliichukua ile barua ya kujiuzulu. Akalikata jina la Roberta kwa kalamu, akaisukuma mbele ya Crandall.

"Iliyobaki inafaa kama ilivyo," alisema.

Roberta alikuwa ameshawapa mgongo. "Duane, sogeza taa kushoto kidogo."

Duane akaisogeza. Bwana Stoltz aliizunguka meza, akaenda kusimama nyuma ya Jicho.