Ndoano Kumi na Nane za Bibi Thora

Nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu, na hakuna aliyenikumbusha. Niingize kuni, nikwangue barafu kwenye ngazi za mbele, halafu nimbebee Babu Arvid ndoo mpaka kibandani. Kibanda chetu kilikaa juu ya ziwa lenyewe, kwa sababu kwetu Minnesota barafu ya Januari hubeba mpaka magari. Ndani mlikuwa na jiko dogo la kuni, mabenchi mawili, na matundu mawili tuliyotoboa sakafuni mpaka majini. Babu alikaa kwenye tundu lake, nami kwenye langu, tukivua krapi, samaki wapana kama kiganja wanaoenea vizuri kwenye kikaango.

Zamani alikuwa akisimulia mpaka mtu unaomba anyamaze. Majira yale hakusimulia. Bibi Thora, mke wake, alifariki mwezi wa kumi, na nyumba nzima ilikaa kimya. Mama alirudi kutoka kazini akiwa amechoka, tukala, tukaosha vyombo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilitamani hata mtu anigombeze tu, nisikie sauti.

Alichobakiza Bibi ni ndoano. Ndoano za aina hiyo zina kichwa cha madini ya risasi kilichopakwa rangi, kidogo kama punje ya mbaazi, na nyuma yake kuna manyoya laini ya bata mzinga yaliyofungwa kwa uzi. Bibi alizifunga mwenyewe kwenye meza ya jikoni, ndoano ikiwa imebanwa kwenye jiliwa dogo, miwani ikiwa imeshuka mpaka ncha ya pua. Alipofariki ziliachwa ishirini na tano kwenye kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba vidogo. Babu alivua nazo kila siku. Nyingine zilichakaa kwa kung'atwa na samaki, nyingine zilikwenda na samaki wakubwa wenye meno wanaokata uzi. Hadi katikati ya Januari zilibaki kumi na nane.

Mama alimwomba azitundike ukutani ndani ya fremu. Babu akajibu kwamba Thora hakuwa akifunga mapambo. Basi kila jioni mimi nikawa nazihesabu kimoyomoyo, na kila ilipopungua moja nilihisi Bibi anazikwa upya.

Darasani nilikaa na Wendell, mvulana mwenye mdomo na mwenye vifaa vyote vipya. Yeye alivua kwa vimkia vya plastiki laini, vya waridi na vya kijani kibichi, unavyochomeka tu kwenye ndoano tupu.

"Kimkia kimoja samaki ishirini," aliniambia. "Nyie bado mnavua na kuku?"

"Bata mzinga," nikasema.

"Haya, bata mzinga. Akiisha huyo mtafanyaje?"

Alinikera, lakini neno lake lilinikaa. Babu akivua kwa plastiki, ndoano za Bibi zitapumzika. Nikamwomba Wendell vimkia, na kwa kuwa si mchoyo, akanijazia kiganja.

Ijumaa nilimpa Babu kimoja ajaribu. Hakubisha. Alikichomeka, akakishusha, akakaa nusu saa. Maji yalikuwa maangavu, na ukiinama ungeweza kuwaona krapi wakija taratibu, wakikitazama, wakiondoka. Kisha akafunga ndoano ya Bibi na kuishusha mahali palepale bila kuitikisa. Yale manyoya yalifunguka na kujikunja yenyewe, na wa kwanza kuja akaimeza.

"Kwenye baridi hii samaki ni mvivu, hafukuzi kitu," Babu akasema. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote ya juma lile. "Plastiki mpaka uichezeshe. Unyoya umetulia, lakini uko hai. Mwezi wa tano, maji yakipata joto, nipe hivyo vyako, nitavua navyo na nitakushukuru. Sasa hivi, hapana."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema moyoni kwamba huyu mzee atazoea tu akiviona kila mara. Tuliporudi nyumbani na Babu akakiweka kisanduku rafuni, nikachukua vimkia saba na kuvipanga ndani ya kisanduku, juu ya ndoano za Bibi, kimoja kimoja katika kila chumba. Kisha nikakirudisha kwenye rafu yake nyuma ya jiko. Niliona nimefanya jambo la upendo.

Jumamosi Babu aliamka na kikohozi na homa, hakutoka. Jumapili mchana, yeye akiwa amelala, nikakifungua kisanduku. Vimkia vilikuwa vimelainika na kutoa mafuta. Rangi ya vichwa vitatu vya ndoano ilikuwa imeyeyuka ikawa kama gundi, na manyoya yake yameshikana na plastiki kuwa uvimbe mmoja. Nikavuta. Unyoya ukatoka, uzi ukabaki.

Tatu. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilihesabu: tatu zilizoharibika, kumi na tano nzima. Ningeweza kupanda ngazi, nimgongee Babu mlango, nimwambie. Badala yake nilikifunga kisanduku vilevile kilivyo, na vimkia vyake ndani, nikakishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Nikakisukumia nyuma ya tanuri linalopasha nyumba joto, mahali ambapo hakuna anayefika. Nilisema nitatafuta dawa. Dawa gani, mwenyewe sijui.

Jumatatu Babu alikuwa na nafuu, akaulizia kisanduku chake.

"Sijakiona, Babu," nikamwambia. Kwa kuwa alizidi kunitazama, nikaongeza, "Labda ulikisahau kibandani."

Jumanne nilimkuta ziwani. Alikuwa amevuta mabenchi yote nje, na alikuwa akifukua theluji kuzunguka kibanda kwa sepetu, akikohoa, akifukua tena. Nikamwambia turudi, utaumwa. Akasema alikuwa na hakika kabisa kwamba alikirudisha kwenye rafu Ijumaa. "Nilikiona kwa macho yangu," alisema, halafu akasimama katikati ya theluji akifikiri. "Au ilikuwa Alhamisi?"

Kaka yake Babu, Sverre, alianza hivyohivyo. Alianza kwa kupoteza glavu, mwisho akapoteza jina la mke wake. Alifia kwenye nyumba ya kulelea wazee akimwita kila mtu dada. Babu hakuwahi kulizungumza, lakini sote tulijua ndicho kitu pekee alichokiogopa.

Usiku sikulala vizuri, na Jumatano shuleni niliulizwa swali rahisi nikashindwa. Wendell alitaka kujua mzee amevionaje vimkia. Nikamwambia anyamaze, na akaona nina machozi, akanyamaza kweli.

Alhamisi nilipofika nyumbani, Mama alikuwa ameketi jikoni bado na koti lake. Mbele yake mezani palikuwa na funguo za gari la Babu.

"Amenipa mwenyewe," Mama akasema. "Anasema asije akagonga mtoto wa watu. Kesho nampeleka kwa daktari akapimwe kichwa." Akajifuta uso. "Ameniuliza kama ile nyumba aliyokaa Sverre bado ina nafasi."

Mpaka wakati ule nilidhani naficha ndoano tatu. Nilishuka chini, nikaingiza mkono nyuma ya tanuri, nikapanda na kisanduku mpaka chumbani kwa Babu. Alikuwa ameketi kitandani amevaa viatu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama alinifuata, akasimama mlangoni.

"Hukusahau, Babu," nikasema. "Ulikirudisha kwenye rafu. Ni mimi."

Nilimweleza yote, tangu Ijumaa. Hakunikatiza. Alikifungua kisanduku magotini. Joto la tanuri lilikuwa limemaliza kazi: hata sakafu ya kisanduku ilikuwa imelika, na katikati palikuwa na tope la waridi na kijani lenye manyoya ndani yake. Akachukua kisu chake, akatenganisha taratibu, moja baada ya nyingine. Zilizopona zilikuwa nne.

Mama alinishika bega. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema.

Babu alizikusanya zile nne kiganjani. Nilingoja anichape, ingawa hakuwahi kumchapa mtu maishani mwake. Aliniuliza tu Jumapili ziliharibika ngapi.

"Tatu."

"Na leo kumi na nne."

"Ndiyo, Babu."

"Toka kidogo," akasema. "Si kwamba sikutaki. Nataka kulia."

Nikatoka, nikakaa ngazini, nikamsikia. Mama alikaa pembeni yangu. Zile funguo alizirudisha kwenye msumari wake karibu na mlango, na safari ya daktari ikabaki ya kikohozi tu.

Siku mbili Babu hakunisemesha isipokuwa la lazima. Jumapili baada ya kanisa aliniita jikoni. Alikuwa amefunga jiliwa la Bibi kwenye ukingo wa meza na kubana ndoano moja iliyoharibika. Hakujua kufunga, hiyo ilikuwa kazi ya mke wake miaka arobaini, yeye akivua tu. Akanipa wembe na kuniambia nifungue uzi mzunguko mmoja mmoja, naye ataandika, tuone Thora alikuwa akifanyaje. Tulifungua tatu namna hiyo. Mizunguko sita ya msingi, unyoya, mizunguko minane, fundo. Kisha nikafunga yangu. Ilikuwa mbaya, nene, imeelekea upande.

Ndiyo hiyo aliyokwenda nayo ziwani jioni ile. Alikaa nayo saa nzima, na hakuna samaki aliyeigusa. Theluji ilikuwa ikidondoka, na kibandani mlisikika jiko tu.

"Funga ile ya Bibi, Babu," nikamwambia mwishowe.

"Hii inatosha leo." Akavuta uzi kidogo, akauachia. "Ulipoweka plastiki yako mle hukukosea vibaya, Berit. Hukujua kwamba ile plastiki laini inatoa mafuta yanayokula rangi. Hilo kosa lilikula tatu, na ningezisamehe kabla ya chakula cha jioni. Zile kumi na moja hazikuliwa na plastiki. Zililiwa na siku nne za kunyamaza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Lakini hata hizo ni manyoya tu." Akauzungusha uzi kidoleni. "Kitu kikiharibika mkononi mwako, uniambie siku hiyohiyo. Nitakasirika, halafu nitapoa. Ila usije ukaniacha tena nitafute nje kitu ambacho hakijapotea, mpaka nikajitilia shaka mwenyewe. Bibi yako nimemzika. Kilichonibakia ni akili yangu na neno lako."