Mtoto wa Muuza Nyama

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha mabati moto, muuza nyama alikuwa ameshanoa visu vyake vitatu. Alivipanga juu ya gogo, kikubwa kulia, kidogo kushoto. Alitundika nyama kwenye kulabu na kuifuta meza. Kisha alianza kazi yake ya pili, kazi aliyoipenda zaidi. Kazi hiyo ilikuwa kutoa ushauri.

"Mama, una mtoto mdogo nyumbani?" alimwuliza kila mteja. "Basi chukua mifupa. Mpe supu asubuhi, mpe supu jioni. Nguvu zote za ng'ombe ziko kwenye supu. Nyama waachie wenye meno."

Watu walimsikiliza. Nani angebishana na muuza nyama kuhusu nyama? Mifupa ilikwisha kabla ya saa nne.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kitinda mimba wao, binti wa miezi kumi na moja, alikuwa na kikombe chake chekundu. Mama yake alikijaza supu nyepesi, iliyochujwa kisibaki hata kipande kimoja cha nyama. Uji wake nao ulikuwa wa kunywa, usije ukamkwama kooni. Nyama waliila wakubwa.

Mtoto huyo alikuwa mtulivu. Ukimweka kwenye mkeka, anakaa. Ukimwondoa, hadai kitu.

"Ana adabu huyu," baba yake alijisifu. "Halii ovyo."

Jirani wa bucha lake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyeshona barazani kwake. Mwaka ule wanakijiji walimchagua awe mhudumu wa afya ya jamii. Alipata mafunzo, akarudi na begi la bluu. Kila Alhamisi aliifunika cherehani yake na kwenda kwenye ghala la ushirika kupima watoto. Muuza nyama hakumpa nafasi ya kupumua.

"Fundi! Magauni yamekwisha, sasa unawapima watoto? Usije ukakata mkono wa mtu ukadhani ni mabaki ya kitambaa!"

"Mlete na wako, shemeji," fundi alijibu. "Au unaogopa nitamshonea sketi bure?"

"Wangu? Mtoto wa muuza nyama? Huko waende wenye njaa."

Watu wote waliokuwa kwenye foleni ya nyama walicheka. Muuza nyama alipenda kuchekwa namna ile, kicheko kikiwa upande wake.

Alhamisi moja aliamua kummaliza fundi mbele ya watu. Alimvalisha binti yake gauni jipya na viatu vyeupe, akambeba yeye mwenyewe mpaka ghalani. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Nimekuja kukuziba mdomo," alisema kwa sauti. "Pima!"

Fundi alitoa utepe wenye rangi tatu, kijani kwa mwenye afya, njano kwa aliyeanza kudhoofika na nyekundu kwa aliye hatarini. Aliuzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, kati ya bega na kiwiko. Akausoma. Akaulegeza, akapima tena.

"Shemeji," alisema polepole, "hebu tuongee pale nje."

"Nje kuna nini? Sema hapa hapa, kila mtu asikie!"

Fundi aliufunika utepe kwa kiganja. Lakini mama mmoja kwenye benchi alikuwa ameshauona utepe. "Ni njano," alisema, kama mtu anayejisemea.

"Mtoto wa bucha?" aliuliza mwingine.

Mtu alicheka, kisha akakimeza kicheko chake. Muuza nyama alihisi masikio yanawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na gauni jipya na viatu vyeupe.

"Utepe wako mbovu!" alifoka. Alimnyakua mtoto, akatoka mbio. Kiatu kimoja kilidondoka mlangoni. Hakurudi kukiokota.

Tangu siku ile alikata nyama kimya. Watu wawili wakinong'ona, alijua wanamsema yeye. Mtu akicheka upande wa pili wa barabara, kisu kilisimama mkononi. Alimwambia mkewe, "Asiende mtu huko tena. Sitaki kuusikia huo utepe." Kisha akaongeza supu. Vikombe viwili vikawa vinne. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni, ila anayedhoofika hakuwa yeye.

Wiki ya tatu mtoto alianza kuharisha. Macho yalizama. Mikono ilibaki ngozi na mfupa.

"Baba," mkewe alisema asubuhi, akiwa amempakata, "mpaka lini?"

"Atapona. Ni meno yanaota."

"Unaona aibu. Na mimi naona aibu. Supu hii nimeichuja kwa mikono yangu, kila siku. Lakini tukimzika huyu, hiyo aibu tutaipeleka wapi?"

Muuza nyama alikaa kwenye kibao. Alificha uso kwa mikono iliyonuka nyama. Alikuwa akimwonea haya hata mtoto.

Mlango uligongwa saa hiyo hiyo. Alikuwa fundi, na mkononi ameshika kiatu cheupe.

"Hodi, shemeji. Mteja wangu alisahau kiatu."

Muuza nyama hakuweza kumtazama. Alingojea maneno makali, na aliona anayastahili. Fundi hakusema hata moja. Alinawa mikono kwa sabuni, akakaa mkekani, akampima mtoto. Alimbonyeza miguu kuona kama imevimba.

"Haijavimba, tushukuru. Lakini amefika nyekundu," alisema. "Hili si la kesho. Tunakwenda kituo cha afya sasa hivi, na mimi nakwenda nanyi. Anakula nini?"

Mama alimwonyesha kikombe chekundu. Fundi alichota supu kwa kijiko, akakiinamisha. Yote ilimwagika. Kijiko kilibaki kitupu.

"Shemeji, wewe ndiye mtaalamu, nieleze," alisema. "Ukichemsha nyama saa nzima, ukaitoa sufuriani, wewe unakula supu au nyama?"

"Nyama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyama ndiyo yenye..." Alikitazama kikombe chekundu.

"Kikubwa kinabaki kwenye nyama," fundi alimalizia taratibu. "Supu ni maji yenye ladha nzuri. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

"Lakini hana meno," muuza nyama alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe una visu vitatu."

Kituoni walimpima mtoto uzito, wakampa dawa ya kuharisha na maji yenye chumvi na sukari ya pakiti. Walimjaribu kama ana hamu ya kula. Alikuwa nayo. Basi walimpa chakula dawa, kile cha paketi cha kumrudishia mtoto mwili, alishwe nyumbani na arudishwe kituoni kila wiki. "Mngechelewa kidogo," muuguzi alisema, akaishia hapo. Muuza nyama aliimalizia sentensi ile kichwani mwake njia nzima ya kurudi.

Fundi alipita kwao mara mbili kwa wiki. Alimfundisha mama kupika uji mzito, ule ambao ukiinamisha kijiko haumwagiki. Mtoto alinyonya kwanza, kisha akala chakula dawa, na vingine vikafuata kidogo kidogo: yai, maharage yaliyopondwa, mboga za majani, mafuta kijiko kimoja. Alikuwa na bakuli lake mwenyewe, ili ijulikane amekula kiasi gani. Nyama ilikuwa kazi ya baba. Aliikata kwa kisu kidogo, akaipiga mpaka ikawa laini kabisa.

Mtoto alianza kunenepa. Ungedhani sasa baba yake ameshusha pumzi. Hata kidogo! Kila siku mteja alimjia na kusema, "Mifupa, kaka. Ya mtoto, kama ulivyotuambia." Naye alifunga mifupa kwenye karatasi, mdomo umefungwa vile vile. Alizijua nyumba zote. Alijua kila mlango ambao maneno yake yaliingia. Alishindwa kula.

Siku moja alikuja mama kijana, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na shingo nyembamba, na alitazama tu.

"Huyu ni mtulivu," muuza nyama alisema.

"Ana adabu," yule mama alijibu kwa furaha. "Halii ovyo."

Muuza nyama aliweka kisu chini. Foleni ilikuwa ndefu, kama watu kumi. 

"Mifupa ya mtoto siuzi leo," alisema. "Sikilizeni. Niliwaambia nguvu ziko kwenye supu. Nilikosea. Wangu nilimpa supu mpaka akafika nyekundu. Nikaona aibu, nikamficha. Nusura afe."

Alitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma zaidi. Bibi mmoja nyuma aliuliza, "Na sisi ulitwambia miaka yote hiyo?"

"Niliwaambia, bibi. Nisameheni. Kesho ni Alhamisi. Waleteni watoto. Na mimi nitakuwepo."

Bibi hakusema amemsamehe. Alichukua nyama yake, akaondoka.

Alhamisi ghala lilijaa. Muuza nyama alikaa pembeni na gogo lake, akisaga nyama, huku akina mama waliofundishwa na fundi wakionyesha namna ya kuipika pamoja na uji mzito. Watoto wanne walikutwa kwenye njano, akiwemo yule wa mgongoni. Njano bado ni mapema, fundi alisema, na wote wangefuatiliwa majumbani. Kila mmoja alipotajwa, muuza nyama aliinamisha kichwa juu ya gogo. Wote wanne alikuwa amewauzia mifupa.

Mwisho alipimwa binti yake, wiki ya nane tangu apelekwe kituoni. Fundi alisoma utepe, akapima tena, kama siku ile. Safari hii hakumwita nje.

"Kijani," alisema.

Mtoto hakujali rangi. Alikuwa ameliona bakuli, na bakuli lilikuwa linachelewa. Alifungua kinywa na kupiga kelele iliyotikisa mabati. Watu waligeuka, wakaanza kucheka.

"Shemeji, mnyamazishe mwanao!" fundi alitania. "Si ulisema ana adabu?"

Muuza nyama alifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na nyama.

"Mwache," alisema. "Mwache alie."