Fomu Thelathini na Tisa

Kila Jumamosi asubuhi Nzisa alifagia uwanja, akawapelekea mbuzi majani, kisha akafua sare yake ya shule na kuianika juu ya ua. Walikaa Mbooni, huko Makueni, ambako mashamba yamekatwa matuta mlimani na njia ni za kupanda na kushuka tu. Kutoka kwao hadi mtoni ulikuwa mwendo wa dakika arobaini. Wanawake walibeba maji mgongoni, mtungi wa lita ishirini ukishikiliwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Mama yake Nzisa alikuwa na alama ya mukwa kwenye paji, mstari uliobonyea ambao haukutoka hata siku ambazo hakubeba maji.

Dada mkubwa wa Nzisa, Ndunge, aliiona alama hiyo tangu akiwa mtoto. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba na alisomea shahada ya uzamili ya ubunifu wa bidhaa katika chuo kikuu jijini Nairobi. Nzisa alipomuuliza watu wenye shahada kama hiyo hufanya nini, Ndunge alimjibu hivi:

"Tunatafuta kitu ambacho watu wanakitumia na kinawasumbua. Tunakaa nao, tunaangalia wanavyokitumia, halafu tunatengeneza kingine. Lakini huwezi kusema chako ni kizuri mpaka watu wenyewe wakijaribu na kukuambia."

Kwa ajili ya tasnifu yake, Ndunge alibuni mkanda mpya unaoweka uzito mabegani na kiunoni, paji likabaki huru. Alishona kumi kwa mikono yake na kuwapa wanawake kumi wa kijiji wajaribu kwa majuma manane. Kwa kuwa alikuwa na masomo Nairobi na hangeweza kuja kila juma, alimpa Nzisa kazi ya kupita nyumba zote kumi kila Jumamosi na kujaza fomu moja kwa kila mwanamke: amebeba maji mara ngapi, anaumia wapi, mkanda umeharibika au la. Jioni angezipiga picha kwa simu ya mama na kumtumia.

"Usiwasaidie kujibu," Ndunge alisema. "Andika walichosema, hata kama ni kibaya."

"Sawa," Nzisa alisema. Alikuwa na miaka kumi na miwili, Gredi ya Sita, na hakuna mtu aliyewahi kumpa kazi kubwa hivyo.

Majuma mawili ya kwanza alipita nyumba zote kumi. Juma la tatu mwalimu wa michezo akaanza mazoezi ya mpira wa pete kila Jumamosi, kwa sababu timu ya shule ilikuwa imefuzu kucheza na shule nyingine za Makueni. Siku hiyo Nzisa alipita nyumba sita, akaangalia jua lilipofika, akashuka mbio hadi uwanjani. Nyumba nne zilizobaki zilikuwa juu kabisa, ambapo hata bodaboda hukataa kwenda mvua ikinyesha. Jioni alikaa jikoni na kujaza fomu zao mwenyewe. Aliandika yale waliyoyasema juma lililopita, akibadilisha kidogo hapa na pale.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kuanzia juma la nne alipita nyumba tatu tu, zile zilizo karibu na barabara. Nyingine saba alizijaza jikoni. Na kwa kuwa alimpenda dada yake, aliwaandikia majibu mazuri.

"Umeshamaliza kwenda kwa wale wamama?" aliuliza Shiru, nahodha wa timu, ambaye wazazi wake walikuwa na duka sokoni.

"Nimemaliza," Nzisa alijibu huku akifunga kamba za viatu.

Katika juma la tano Ndunge alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alisema msimamizi wake ameziona fomu na amesema matokeo ni mazuri sana.

"Hata Susu Syombua hana malalamiko?" aliuliza.

Syombua alikuwa bibi ambaye watoto wote wa kijiji walimwita Susu, yaani nyanya. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Nzisa hakuwa amemwona kwa majuma matatu.

"Hana," alisema. "Anaupenda."

Majaribio yaliisha mwanzoni mwa mwezi wa saba. Siku chache baadaye Ndunge alikuja nyumbani pamoja na msimamizi wake, Daktari Wanjiro, mama mrefu aliyeongea polepole. Alitaka kukutana na wanawake waliojaribu mkanda kabla Ndunge hajaitetea kazi yake mbele ya jopo la wahadhiri mwezi wa nane. Mama aliwapa uji, kisha Daktari Wanjiro akasema angependa kuanzia nyumba ya mbali.

Nzisa alijaribu kusema njia ni mbaya. Daktari alimwambia amevaa viatu vya kutembea.

Walimkuta Susu Syombua akipukuchua mahindi mlangoni. Alitumia mkono mmoja. Mwingine aliulaza kwenye paja. Mkanda wa Ndunge ulikuwa umening'inia kwenye kibanda cha mbuzi, una vumbi. Baada ya salamu, Ndunge alimuuliza kwa nini mkanda uko kule.

Susu alishusha shuka kutoka bega la kushoto. Pale ambapo kifungo cha chuma cha mkanda kililala palikuwa na kidonda kirefu kilichoanza kukauka, ngozi imevutana pembeni.

"Ulianza kuniuma juma la tatu," alisema. "Nikasema nitamwambia mtoto akija Jumamosi. Hakuja. Nikaendelea kuuvaa, kwa sababu ulisema tusiache kabla hatujakuambia. Nilingoja Jumamosi nyingine. Hakuja. Kikaanza kutoa usaha, nikaenda zahanati, wakanidunga sindano."

Daktari Wanjiro alifungua faili, akatafuta fomu, akasoma bila kupandisha sauti. "Tarehe ishirini mwezi wa sita. Safari tatu kwa siku. Hakuna maumivu. Mkanda ni mzuri."

"Tarehe ishirini nilikuwa Kibwezi kwa binti yangu," Susu Syombua alisema. "Alijifungua. Nimerudi juzi."

Daktari alimtazama Ndunge. "Nani alijaza fomu hizi?"

Ndunge alimgeukia Nzisa. Nzisa aliangalia mahindi chini. Alijua huo ndio wakati wa kusema. Badala yake aliinama, akaokota punje iliyoanguka.

"Ni utafiti wangu," Ndunge alisema hatimaye. "Nilipaswa kuja mwenyewe. Kosa ni langu, Daktari."

"Basi huwezi kuingia mbele ya jopo na kazi hii," Daktari Wanjiro alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikikuruhusu, nitakuwa nimesema uongo pamoja nawe. Utaanza majaribio upya. Hutahitimu mwaka huu."

Wakati wa kushuka Ndunge alitembea mbele. Nzisa alijua maana ya maneno yale. Idara ilikuwa imemwahidi Ndunge kazi ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mradi ahitimu mwezi wa kumi na mbili. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani.

Daktari alipoondoka, Ndunge alizitandaza fomu zote themanini juu ya mkeka sebuleni. Mama alisimama mlangoni akiwa ameshika kitambaa cha vyombo.

"Nitengee za uongo," Ndunge alisema.

Nzisa alichukua fomu sita za Susu Syombua, kuanzia juma la tatu hadi la nane, akaziweka kando. Kisha akatulia.

"Ni hizi tu?"

Angeweza kusema ndiyo. Kina mama wengine hawakuwa na vidonda. Labda walikuwa wameupenda mkanda kweli. Labda alichoandika kilikuwa karibu na ukweli, na dada yake angeokoa kazi nyingi. Aliinua macho akaona Ndunge ameshika kalamu tayari kuandika idadi atakayoambiwa, kama alivyokuwa ameandika kila alichoambiwa tangu mwezi wa tano.

Akaanza kutoa nyingine. Tatu za juma la tatu. Sita za juma la nne. Sita za juma la tano. Rundo lilikua, lakini hakuacha. Alipomaliza, walihesabu. Thelathini na tisa.

"Nilikuwa naenda mazoezi," alisema. Machozi yalimtoka. "Nilidhani nakusaidia. Niliandika vizuri kila mara."

Ndunge hakumkemea. Alikusanya fomu, akafunga faili, akatoka nje na kuketi nyuma ya nyumba peke yake. Alikaa huko mpaka jua likashuka kwenye matuta. Mama ndiye aliyezungumza.

"Kesho utaenda kwa Susu," alisema. "Utamwambia kwa mdomo wako. Na maji yake utamchotea wewe mpaka bega lipone."

Nzisa alikwenda. Susu Syombua alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa nakaa hapa mlangoni nikiangalia njia," alisema tu, kisha akamwonyesha mtungi ulipo.

Kwa majuma saba Nzisa alichota maji baada ya shule. Alitumia mtungi wa lita kumi na mukwa wa zamani. Juma la kwanza shingo ilimuuma hata hakuweza kugeuka darasani. Aliacha timu. Ilipocheza na shule nyingine, alikuwa njiani kutoka mtoni. Shiru alimwambia matokeo kesho yake, na hakuuliza kwa nini hakuja.

Ndunge aliubadilisha mkanda. Alikiondoa kifungo begani, akakishusha kiunoni, na kuweka kitambaa kinene mahali pake. Mwezi wa tisa majaribio yalianza upya. Nzisa alimwomba dada yake amrudishie kazi ya fomu.

"Hapana," Ndunge alisema. "Mama ndiye atakayeandika. Wewe unaweza kumsindikiza."

Kwa hiyo kila Jumamosi Nzisa alipanda mlima nyuma ya mama yake, akibeba faili, bila kugusa kalamu. Alisikia wanawake wakilalamika. Mmoja alisema kiuno kinabana. Mwingine alisema mkanda ukilowa unanuka. Mama aliandika yote. Mwezi wa kumi Susu Syombua aliuvaa mkanda mpya, akaenda mtoni na kurudi, akasema huu anaweza kuuvaa, lakini urefu wake bado ni wa watu warefu. Hilo nalo liliandikwa.

Mwezi wa kumi na mbili wanafunzi wenzake Ndunge walihitimu. Ile kazi ya kufundisha ilipewa mwingine. Mama hakuwaambia hilo watu wa kanisani, walisikia wenyewe.

Ndunge aliitetea kazi yake mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Jopo liliipitisha, na mhadhiri mmoja alisema sehemu iliyomvutia ni ile iliyoeleza makosa ya mkanda wa kwanza. Alipokuja nyumbani kuwaambia, mama aliimba wimbo wa sifa jikoni. Nzisa alingoja mpaka wakabaki wawili wakimenya maharagwe.

"Umenisamehe?" aliuliza.

Ndunge alitupa ganda pembeni. "Nimekusamehe. Lakini sikudanganyi. Hata sasa ukiniambia mbuzi wamekula, natoka kwenda kuangalia. Hilo litachukua muda, na si mimi nitakayeamua ni muda gani."

Nzisa alitikisa kichwa kukubali.

"Kile kidonda cha Susu," Ndunge akasema, "ndiyo habari muhimu kuliko zote katika masomo yangu, na ndiyo uliyoninyima. Uliniandikia mazuri ili nifurahi. Nami nikakaa Nairobi nimefurahi, huku bibi wa watu anaoza bega kwa kitu nilichoshona mimi. Mtu akikutuma uulize, mwambie ulichosikia. Kama hukwenda, mwambie hukwenda. Ningekasirika siku moja tu, Nzisa. Siku moja, halafu ningepanda basi nije."

Nzisa alivuta karai karibu, akaendelea kumenya.