Sauti ya Mzee Ondimu

Ukungu mwembamba ulipanda kutoka sakafuni, ukatulia wima kama shuka iliyoanikwa siku isiyo na upepo. Mwanga ukaupiga kutoka pande nne, na shamba la maua likatokea, lenye kina, hata watu wa viti vya mbele wakavuta miguu nyuma wasikanyage matuta. Hii ndiyo iliyoitwa pichaukungu. Mjini Nakuru, mwaka wa 2094, kila ukumbi wa filamu ulikuwa nayo, kwa hiyo haikumshangaza mtu tena. Watu walikuja kusikia sauti.

"Haya, tulieni," sauti ilisema kutoka darini, nzito, yenye kicheko kilichojificha ndani yake. "Huyu mrefu tumwite Rono. Huyu mfupi mwenye mkasi tumwite Makori. Makori ni binamu yake Rono. Walipoteana wakiwa wadogo, leo ndiyo wanakutana."

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja wa safu ya tatu akauliza kwa sauti, ni binamu gani huyo anayetazamwa namna hiyo, na watu wakacheka tena.

Aliyekuwa akizungumza hakuwa mtu. Ulikuwa mtambo ulioitwa Ulimi. Uliitazama filamu ya kigeni, ukaelewa maneno yake, kisha ukaisimulia kwa Kiswahili papo hapo, kama walivyofanya wasimulizi wa zamani kwenye vibanda vya video: waliwapa wahusika majina ya nyumbani, wakatia utani, wakaruka yanayochosha. Ulimi ulijifunza kazi hiyo kwa mtu mmoja tu, Mzee Ondimu, aliyesimulia filamu elfu nne kwa miaka thelathini na zote zikahifadhiwa. Ugonjwa ulipomharibu koo, alitia sahihi sauti yake itumike. Tangu hapo alizungumza kwa mnong'ono, na sauti yake ikaendelea kufanya kazi bila yeye.

Filamu yenyewe iliitwa Safu ya Kumi na Nne. Ilitoka Kolombia, na ilihusu wanaume wawili waliotunza maua kwenye shamba moja, wakapendana, wakaishi pamoja miaka arobaini. Zamani filamu za namna hiyo zilionyeshwa mara moja au mbili kwenye vyumba vidogo vya miji mikubwa, na wafanyabiashara walisema hakuna mtu wa huku atakayelipa kuzitazama. Hii ilikuwa katika wiki ya tisa. Kumbi arobaini, kutoka Nakuru hadi Kitale, zilijaa kila siku. Kina nyanya walikuja na wajukuu, vikundi vya kanisa vilikodi safu nzima, na hakuna filamu ya kigeni iliyowahi kuuza kiasi hicho.

Injinia Jerotich aliyaona hayo yote kutoka chumba cha kioo juu ya ukumbi. Yeye ndiye aliyeutunza Ulimi. Hakusoma kazi hiyo chuoni. Alijifunza kwa kufungua mitambo iliyoharibika na kuifunga tena mpaka ikatii. Mbele yake kulikuwa na kipimamoyo, kioo kilichoonyesha mapigo ya kila mtazamaji kutoka kwenye mkono wa kiti. Kila siku aliona jambo lilelile. Mistari ilipanda watu walipocheka, lakini ilipofika sehemu ya Makori kumshonea Rono kifungo cha shati, ambapo kila mtu alitarajia ingepanda zaidi, ilishuka na kutulia. Hakujua maana yake, na hakuwa mtu wa kukisia.

Siku ya Jumanne Mzee Ondimu alikuja kumwona. Alipanda ngazi polepole, akaketi, akavua kofia.

"Jumamosi naja na Sewe," alinong'ona.

Jerotich alimjua Sewe, kama kila mtu alivyomjua. Walikaa nyumba moja mtaa wa Freehold, Ondimu na binamu yake, miaka thelathini na mmoja. Miaka miwili iliyopita Sewe alipoteza macho.

"Anataka hii filamu inayosemwa kila mahali," mzee aliendelea. "Haoni. Atasikia tu. Na atasikia mimi."

Mzee aliizungusha kofia mikononi.

"Sewe si binamu yangu, binti yangu. Nilimpa mwenye nyumba neno hilo siku tuliyohamia, kwa sababu wakati huo ungeweza kufungwa. Tukaliacha likae. Kazini nikalitumia pia. Kila wanaume wawili wakikumbatiana kwenye filamu, mimi nasema binamu, polisi akipita nje anasikia binamu, ukumbi haufungwi. Sheria ilipobadilika nilikuwa nimezoea. Nililisema hata pasipokuwa na polisi."

"Na yeye alisema nini?"

"Hajawahi kulalamika hata siku moja. Ndiyo maana nimekuja."

Ombi lake lilikuwa dogo: Jumamosi, penye kifungo cha shati, Ulimi uwaite wale wawili wapenzi.

Jerotich aliona ni kazi ya dakika kumi. Ikamchukua siku mbili. Ulimi haukuchagua neno peke yake, ulichagua pamoja na pumzi na mteremko wa sauti, kulingana na namna Ondimu alivyowahi kusema mambo yanayofanana. Jerotich alipoulazimisha useme "mpenzi" juu ya wanaume wawili, ulitafuta katika filamu elfu nne na haukukuta mfano hata mmoja. Basi ukaazima mlio kutoka penginepo. Neno likatoka na mluzi mbele yake na kicheko nyuma, kama Ondimu alivyolisema kila mara jambazi wa filamu alipomnyemelea binti wa tajiri. Alijaribu mara ishirini. Mara ishirini mtambo ulifanya mzaha, kisha ukaandika kwenye kioo chake: *Sina mfano wa neno hili likisemwa kwa utulivu.*

Jerotich aliusoma ujumbe huo mara mbili. Haukuwa na kosa lolote. Mtambo ulikuwa umemsikiliza mzee kuliko mtu yeyote aliye hai, na huo ndio ulikuwa ukweli wake.

Alikwenda kwa Bi. Nyokabi, mwenye kumbi, akamweleza kwamba njia iliyobaki ni kuunyamazisha Ulimi dakika mbili na kumpa mzee kipaza sauti. Bi. Nyokabi alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Unajua kwa nini kina nyanya wanakuja?" aliuliza. "Neno binamu linawapa mlango. Wanaingia wakisema wamekuja kucheka, na hakuna jirani wa kuwauliza lolote. Wewe unataka kuung'oa mlango."

Jerotich alikiri kwamba huenda ikawa hivyo. Alisema pia kwamba hakuna aliyewauliza wanaocheka kama wanaliamini neno hilo. Akamwonyesha mistari inayoshuka penye kifungo.

Bi. Nyokabi aliitazama, akala vipande viwili vya chungwa. "Onyesho moja," alisema. "Ukumbi huu tu. Wakitoka, utawarudisha wewe."

Jumamosi saa tisa mchana Sewe aliingia ameshika kiwiko cha Ondimu, amevaa suti ya kijivu. Alipoketi alianza kumtania mwenzake papo hapo, akasema kiti ni kigumu na bila shaka Ondimu ndiye aliyekichagua. Jerotich alikuwa amezima kipimamoyo cha viti hivyo viwili tangu asubuhi.

Filamu ikaenda. Sauti ya darini ikasema binamu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Watu walicheka, na Sewe alicheka nao, kwa adabu, kama mtu anayesikia hadithi ya mgeni. Jerotich alimwona Ondimu akiondoka kitini kimyakimya na kupanda ngazi.

Penye kifungo, Rono amekwisha kuzeeka. Gari la hospitali linamsubiri nje. Shati lake limepoteza kifungo, na Makori anakishona shati likiwa mwilini, polepole, kwa sababu akimaliza Rono ataondoka.

Jerotich akaunyamazisha Ulimi. Ukumbi mzima uliinua kichwa. Kisha mnong'ono mkavu, wenye kukatika, ukatoka darini.

"Samahani. Niliwaambia huyu ni binamu yake." Pumzi. "Si binamu. Ni mpenzi wake. Wameishi pamoja tangu ujana. Hakuna aliyemjua zaidi. Anashona polepole kwa sababu hataki kumaliza."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetoka. Mama wa safu ya tatu, aliyekuja kwa mara ya nne, alisema tu, "Tulijua," na mtu wa kando yake akamwambia anyamaze wasikie.

Ondimu aliposhuka na kuketi, Sewe alinyoosha mkono mpaka akaipata shingo yake, penye kovu.

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja koo liharibike," alisema. "Ungelisema zamani, sauti ikiwa tamu."

"Ningelisema zamani," Ondimu alikubali.

"Sasa nitalisikia kwa hii sauti ya jogoo." Lakini mkono hakuuondoa mpaka taa zilipowaka, na wakati wa kutoka aliulizia onyesho la Jumamosi nyingine.

Kuna jambo moja Jerotich alilisahau. Ulimi, ingawa ulinyamaza, haukuacha kusikiliza. Kila Jumapili ulijifunza chochote kilichopita kwenye vipaza sauti vyake wakati wa wiki, kisha ukakipeleka kwenye kumbi zote. Jumatatu mafundi wa Kitale walikuwa wa kwanza kupiga simu. Walisema mtambo unasimulia vizuri, sauti nzima kabisa, lakini ukifika penye kifungo inakauka, inakatika, inakuwa mnong'ono wa mzee mgonjwa. Eldoret wakasema hivyo hivyo, na Molo. Wote waliuliza kama wauzime mtambo.

Bi. Nyokabi naye alipiga. Alisema viti vimejaa kama wiki iliyopita, kisha akasema mama yake mzazi amemwomba tiketi.

Jerotich alifungua faili la Ulimi. Chini ya neno "mpenzi" likisemwa kwa utulivu, mahali palipokuwa patupu kwa miaka yote thelathini, sasa palikuwa na mfano mmoja. Angeweza kuusafisha. Alikuwa na vifaa vya kuondoa mkwaruzo na kurudisha utamu wa zamani, na mgeni asingetambua tofauti.

Alivuta fomu ya hitilafu, akaandika majina ya kumbi arobaini, moja baada ya jingine. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: *Si hitilafu. Ndivyo alivyosema. Iachwe.*