Soketi Nyuma ya Pazia

Jumatatu asubuhi Lukia alisukuma mlango, na tope lililokauka likapasuka kizingitini. Ukuta wa jiko ulikuwa umelala uani. Sebuleni alama ya maji ilizunguka kuta zote, usawa wa goti.

Lukia alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima, na wakubwa wake walikwisha kuhukumu kabla hajafika Same: kwenye fomu ya bima mwenye nyumba aliulizwa kama nyumba imewahi kuingiwa na maji, akajibu hapana. Ikithibitika alidanganya, hatalipwa. Naye Mama Asteria, muuguzi mstaafu, alikuwa ametia kiinua mgongo chake chote kwenye nyumba hiyo.

"Shikamoo, mama. Nichaji wapi kamera?"

"Marahaba, mwanangu." Mama Asteria alimwangalia akiinama kutafuta soketi karibu na sakafu, kisha akavuta pazia la dirishani. Soketi ilikuwa nyuma yake, usawa wa kifua.

"Mbona juu hivi?"

"Mzee Zephania aliyeniuzia ndiye aliyezipandisha. Korongo la hapo kando liliwahi kufurika likamwingilia. Aliniambia kabla sijanunua, nami nikamwambia Paskali, wakala wenu. Alikuja hapa, nikamwonyesha kila kitu."

Lukia alimhurumia. Mama wa watu alikuwa amekiri kwamba alijua, na kuhusu Paskali alikuwa na neno lake tu. Au Mzee Zephania alimficha, naye sasa anaona haya kusema alitapeliwa?

Akapanda bodaboda mpaka Vudee, kijiji cha milimani alikohamia mzee huyo. Mzee Zephania alimpokea akiwa na jembe mkononi.

"Nilimwambia waziwazi," alisema. "Utamfichaje mtu mnayekutana naye kanisani? Ila habari za huyo wakala sizijui."

Alasiri Paskali aliitwa kwenye nyumba ile. Alifika na shati lililonyooka, akasimama akishangaa uharibifu kama mgeni.

"Mama alinijibu kwa simu, nikajaza fomu," alisema. "Nyumba hii sijawahi kuikanyaga, dada. Ndiyo kwanza leo."

"Hata barazani?"

"Hata barazani."

Mama Asteria alifungua mdomo. Lukia akamzuia kwa jicho, akaendelea kumuuliza Paskali hili na lile, bila haraka, mpaka simu ya kijana ikaanza kulia kwamba chaji inaisha.

"Ichomeke," Lukia alimwambia. "Umeme wa sebuleni upo, na maongezi bado marefu."

Paskali akatoa chaja, akaipita meza, akavuta pazia, akachomeka. Wala hakutazama chini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale dirishani.

"Mimi niliitafuta karibu na sakafu," Lukia alisema. "Wewe nani alikuonyesha?"

"Nimebahatisha tu."

"Nyuma ya pazia?"

Paskali akachomoa chaja.

"Ulikaa kiti hiki hiki," Mama Asteria alisema kwa hasira. "Nikakupa makande, ukaomba uongezewe!"

Kijana akakaa chini. Nyumba yenye hatari ya mafuriko, alieleza, lazima ikaguliwe, na ada yake hupanda. Aliogopa mama atakimbilia kampuni nyingine. "Nikajua korongo halifuriki kila mwaka."

"Ukamwachia mama abebe uongo wako," Lukia alisema. "Mama, aliyemwambia wakala ameiambia kampuni. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Mama Asteria alilia, kisha akacheka huku bado analia.

Paskali alifukuzwa kazi, na mama akalipwa. Ukuta wa jiko uliposimama, majirani waliitana kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare, wajenge ukingo wa mawe kando ya korongo. Mzee Zephania alishuka na watu wake kutoka Vudee, kila mmoja na jembe lake.

Siku hiyo hiyo Lukia alirudi na wakala mpya, Priska, kuandikisha bima upya.

"Nyumba imewahi kuingiwa na maji?" Priska aliuliza.

Mama Asteria akaweka jiwe chini, akainama, akagusa goti lake.

"Mpaka hapa. Na uandike nikiona."