Injini Iliyopashwa Moto

Kila asubuhi Silvano wa Mkonze alibeba fyekeo lake akaenda kufyeka nyasi kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Mwaka huo mvua ilikolea, nyasi zikaota kwa fujo. Mgongo ukawa unamuuma. Mteja wake mkubwa, mama Anastazia, akamwambia kwa upole kwamba bustani yake ina mabaka, na kwamba anatafuta mtu mwenye mashine ya kukatia nyasi.

Silvano akaamua kumuuza ng'ombe wao wa maziwa ili anunue mashine mpya. Yudith, mkewe, roho ilimuuma sana. Maziwa hayo ndiyo yaliyolea watoto wao. Akampeleka mumewe kwa jirani yao Edina, fundi wa jenereta.

Edina aliwaeleza kwamba anayeanza kazi anaweza kununua mashine ya mtumba, mradi spea zake zinapatikana hapa Dodoma.

"Uzeni mbuzi wawili," alisema. "Ng'ombe mwacheni kwanza."

Mbuzi wakauzwa, Silvano na Edina wakaenda mjini. Silvano alikuwa ameshapenda mashine moja nyekundu inayong'aa. Muuzaji alivuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Silvano akaingiza mkono mfukoni.

Edina akagusa injini, akaondoa kiganja upesi.

"Shemeji, hii imewashwa kabla hatujafika. Injini ya moto huwaka hata ikiwa imechoka. Tusubiri ipoe."

Muuzaji alinuna, lakini walisubiri. Ilipopoa, alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Mashine kimya. Silvano aliona aibu. Akinunua ng'ombe mnadani, humtembeza na kumtazama meno, lakini mashine alitaka kuinunua kwa rangi!

Duka la pili walikuta nyingine, kuukuu, rangi imebanduka. Injini ilikuwa baridi, nayo ikawaka. Edina akaizima, akachomoa plagi, akakagua kisu na oili. Wakainunua.

Jumamosi Silvano aliokota kwanza mawe yote bustanini, kama Edina alivyomfundisha, ndipo akawasha. Alipomaliza, mama Anastazia alivua viatu akatembea juu ya nyasi. Akamwomba aje kila wiki, na kwa dada yake pia.

Jioni Silvano alimkuta Yudith zizini, anakamua. Alikuwa amemwegemea ng'ombe ubavuni, anamsemesha polepole.

"Mwenzio nilikuwa nimeshakuaga," alimwambia ng'ombe.