Asali kwa Mbwa Mwenye Sukari

"MWACHE MBWA WANGU, MUUAJI WEWE!!"

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka nilipofungua mlango wa jikoni saa tano asubuhi... na wala sitii chumvi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amepiga magoti sakafuni. Meneja, mbwa wangu, amelala ubavu, miguu inapiga hewa, macho yamegeuka. Na vidole vya wifi viko ndani ya mdomo wa mbwa!

Pembeni yake chupa ya asali. Wazi!

Jamani... Meneja ana sukari! Mwaka mzima anachomwa insulini asubuhi na jioni. Hata biskuti tulishampigia marufuku. Leo huyu mwanamke anampaka asali kwenye ufizi!

"Wifi, subiri, usi..."

"Nisubiri nini? Mpaka afe?"

"Ni sukari! Wifi, ni sukari yake!"

"Najua ana sukari! Na wewe unajua! Ndiyo maana unamlisha asali, mchawi mkubwa!"

Nikamsukuma. Akaenda kujigonga kwenye kabati la vyombo, sufuria mbili zikaanguka. Nikachukua taulo, nikamfuta Meneja midomo, ufizi, ulimi, mpaka tone la mwisho.

Nyie mnaotaka kuniita shujaa, tulieni kwanza.

Niseme ukweli, mimi na wifi hatukuwa tunapikika chungu kimoja. Alikuja kukaa "wiki mbili tu," huu ukawa mwezi wa tatu. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, wifi na Meneja. Niliyekuwa naelewana naye ni Meneja.

Chai yangu hanywi. "Mimi situmii sukari, wifi." Haya, mheshimiwa! Anakula kwa saa, dakika ikipita ananuna. Na ule mkoba wake! Anaingia nao mpaka bafuni, utadhani ndani kuna dhahabu. Akimwona Meneja anachomwa sindano, anageuza uso na kutoka. Nikasema moyoni, huyu hampendi mbwa wangu. Ana lake jambo.

Sasa sikieni. Siku mbili kabla, dokta wa wanyama alitubadilishia dawa. Ile insulini ya mbwa ilikuwa haipatikani tena madukani, akaamua kumhamishia kwenye insulini ya binadamu. Alinieleza pale kaunta, hatua kwa hatua. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na muda huohuo mteja alikuwa kwenye simu analalamikia sketi. Nikawa naitikia tu, "Ndiyo dokta, sawa dokta." Nilichoshika ni kimoja: nane. Kama zamani.

Asubuhi ile ndiyo tulianza dawa mpya. Saa moja Meneja akala, nikamchoma mwenyewe, nikaenda kazini. Nilirudi saa tano kwa sababu nilisahau mkasi wangu mkubwa.

Tuendelee!

Nikampigia simu dereva wa taksi wa mtaani. Wakati namsubiri, damu imenipanda mpaka masikioni.

"Toka kwangu!"

"Nitatoka. Lakini mrudishie asali, wifi, nakuomba. Hata kidogo."

"TOKA!"

Nikaukamata ule mkoba, nikauvurumisha nje. Zipu ikapasuka. Vitu vikamwagika kwenye kibaraza... kitana, leso, na peni ya insulini, ile sindano yenye umbo la kalamu!

Insulini! Kwenye mkoba wa wifi!

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nikaipiga picha pale chini, nikairusha kwenye grupu la familia, na sauti juu yake:

"Ndugu zangu, sumu hii hapa! Huyu dada yenu alikuwa anamuua mbwa wangu kwa siri! Njooni mmchukue kabla sijamfunga!"

Grupu lina watu thelathini na mmoja. Mama mkwe yumo.

Wifi aliisikia sauti ile yote. Aliinama, akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Alisema jambo moja tu wakati naingia kwenye taksi na Meneja mikononi.

"Mwambie dokta sukari imeshuka."

Imeshuka? Baada ya asali? Nikamsonya mpaka dereva akageuka.

Dokta ni mwanamama mfupi asiyependa maneno mengi. Akamchoma Meneja sikioni, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akaitazama namba. Hapohapo akatundika dripu.

"Sukari imeshuka vibaya sana."

"Haiwezekani, dokta! Amelishwa asali!"

"Na nani?"

"Wifi yangu! Alitaka kumuua!"

"Insulini ikizidi mwilini, sukari inashuka mpaka mgonjwa anapata degedege. Huduma ya kwanza ni kitu kitamu kwenye ufizi. Wifi yako ndiye aliyefanya mbwa afike hapa akiwa hai. Alimpa nyingi?"

Nikajifanya nampapasa Meneja.

"Mama, nakuuliza. Alimpa nyingi?"

"Nilimfuta."

"Ulimfuta nini?"

"Asali. Nilimfuta yote... na taulo."

Dokta aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Kisha akauliza tena.

"Asubuhi ulimchoma kiasi gani?"

"Nane! Mstari wa nane kabisa, sikuzidisha hata nukta!"

"Kwa bomba lipi?"

"Bomba si bomba tu, dokta? Hili hapa."

Nikalitoa kwenye begi langu la kazini, nilikokuwa nimelitumbukiza asubuhi. Bomba dogo la sindano, kifuniko chekundu. Dokta akalishika, akafumba macho kidogo.

"Hili ni la dawa ya zamani. Nilikupa boksi jipya lenye vifuniko vya rangi ya chungwa. Liko wapi?"

"Kwenye droo. Nilitaka haya yaishe kwanza..."

"Dawa mpya ina nguvu mara mbili na nusu. Kila dawa ina bomba lake. Mimi nilikwambia yuniti nane, wewe ukasikia mstari wa nane. Mstari wa nane kwenye bomba hili, kwa dawa hii, ni yuniti ishirini."

Ishirini!

Kwa mkono wangu mwenyewe. Na nikambusu kichwani, nikamwambia "kijana mzuri," halafu nikaenda kushona sketi za watu.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi je? Kiburi kilikuwa bado kinanipanda na kushuka.

"Sawa, dokta, nimekosea. Lakini mbona yeye anatembea na insulini mkobani? Tazama!"

Nikamwekea simu usoni. Akaivuta ile picha, ikawa kubwa.

"Hii ni peni. Mgonjwa anajichoma mwenyewe. Hapa kwenye lebo pameandikwa jina la mgonjwa. Lisome."

Nikalisoma.

Ni jina la wifi.

Weee! Chai bila sukari. Kula kwa saa. Mkoba bafuni. Ile asali ilikuwa yake, ya kujiokolea siku sukari ikimshuka yeye. Na kile kitendo cha kugeuza uso nikimchoma Meneja, mimi nikasema ni chuki!

Nikakimbilia grupu, nikafuta picha, nikafuta sauti. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Simu ikaita. Mama mkwe.

"Mke wa mwanangu."

"Naam, mama. Shikamoo, mama."

Hakuitikia shikamoo yangu.

"Ile peni naifahamu. Marehemu baba yenu alikuwa nayo kama ile. Binti yangu ana sukari?"

Nikamgeukia dokta, yeye akageukia dripu.

"Nijibu. Binti yangu ana sukari?"

"Ndiyo, mama."

Nilisikia kishindo, kisha watu wanaita, "Mama! Mama!" Simu ikakatika.

Mama mkwe alipata fahamu, Mungu mkubwa. Meneja naye alisimama jioni, akanywa maji, akanilamba mkono uleule. Nililia pale kliniki hadi dokta akanisukumia kiti.

Niliporudi nyumbani nilimkuta wifi chumbani, anakunja nguo zake.

"Meneja amepona, wifi."

"Alhamdulillah."

"Wifi, nisamehe."

"Kwa lipi? Kunisukuma? Nimekusamehe. Kuniita mchawi? Hilo ulikuwa unaniita moyoni kila siku, leo umelitamka tu."

"Sikujua kama unaumwa..."

"Hukutakiwa kujua! Mama alimuuguza baba mpaka miguu yote miwili ikakatwa. Alikuwa anambeba mgongoni, wifi. Nilipopimwa nikaapa mama hatabeba mwingine. Miaka minne nimemficha. Kule nyumbani mama anaona kila kitu, nikashindwa kuendelea kujichoma kwa siri. Ndiyo maana nikaja kwako."

"Kwa nini kwangu?"

Akafunga zipu ya begi.

"Kwa sababu wewe ulikuwa hunitazami."

Akaondoka. Hakubamiza mlango. Heri angebamiza.

Wiki ya tatu sasa. Mama mkwe hapokei simu zangu. Mume wangu akipiga anauliza mambo mawili, "Mbwa amekula? Amechomwa?" kisha anakata. Kwenye grupu nimetolewa, na aliyenitoa hata simlaumu.

Mwenye mgonjwa nyumbani, awe mtu awe mbwa, nisikilize. Dawa ikibadilishwa, uliza na bomba lake. Rudia maelekezo kwa mdomo wako mbele ya dokta, na simu ya mteja iache iite mpaka ichoke. Na ukimkuta mtu anafanya jambo usilolielewa, muulize kabla hujamtangaza. Mimi nilichoma mara mbili siku ile. Mbwa alipata dripu. Wifi sina cha kumtundikia.

Haya, nitukaneni, nimestahili.

Na nyie mtakaokuja kuuliza kwa nini namwanika tena wifi wa watu huku mtandaoni, nilimtumia kwanza posti hii yote jana. Nikamuuliza, niiweke au niifute?

Akakaa nayo kutwa nzima. Jioni akajibu:

"Weka. Safari hii angalau umeuliza."